Pangaboi Lililorudi Kinyumenyume

Nilipokuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba pangaboi likizunguka kinyumenyume linampunguzia umri mtu aliyekaa chini yake. Sisemi kwa mafumbo. Kupunguza kabisa: mvi zinarudi nyeusi, magoti yanaacha kulia, na ukizidisha kukaa unaweza kuamka siku moja huna jino hata moja, unalilia maziwa. Habari hiyo niliipata kwa Sudi, mtoto wa jirani pale Tandika, aliyenizidi miaka miwili ya kuzaliwa na miaka arobaini ya uongo. Ushahidi wake ulikuwa Mzee Salum, kinyozi wa mtaani kwetu: mtu mwenye wajukuu wa kutosha kuunda timu ya mpira na wa akiba, lakini kichwa chake cheusi tii, hakina unywele mweupe hata wa kuazima.

"Unadhani kwa nini?" Sudi aliniuliza, mkono kiunoni kama wakili. "Kutwa yuko chini ya pangaboi. Nenda kaliangalie. Linarudi nyuma lile."

Nilikwenda nikaliangalia. Linarudi nyuma kweli. Basi, nikaamini na yale mengine yote.

Juzi binti yangu amenirudisha kule kwa sekunde moja. Alikuwa amelala chali sebuleni anarekodi feni kwa simu yangu, akapiga kelele, "Baba, njoo uone, kwenye simu linakwenda nyuma, juu linakwenda mbele!" Nikachukua simu, nikatazama yale mapanga matatu yakijikokota kwenye kioo kama kobe aliyekosea njia, na papo hapo, wallahi, pua yangu ikajaa harufu ya mafuta ya cherehani na chaki ya kukatia nguo. Nyie wenzangu mliokulia kwenye maduka ya mafundi mnaijua harufu ile. Haina jina, lakini ukiinusa unaweza kulia katikati ya watu.

Mafuta yale yalikuwa ya dukani kwa Mama Mkubwa Tausi, dada wa mama yangu, aliyenilea. Fremu yake ilibanwa kati ya kinyozi na muuza vyombo, haikuwa na dirisha hata la kupitisha panya, kwa hiyo saa nne asubuhi au saa kumi jioni ndani yake ilikuwa ni taa tu: tyubu moja ndefu ukutani, nzee, nyeusi kwenye ncha zake, inayonguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Katikati ya dari likaning'inia pangaboi. Na chini, pembeni kidogo kuelekea mlangoni, ikakaa cherehani ya miguu, na nyuma yake Mama Mkubwa.

Niwaambieni ukweli, sijaona fundi kama yule, na nimetembea. Mwanamke akisimama mlangoni kwake hajafungua mdomo, Mama Mkubwa ameshajua kiuno, kifua na bega lipi liko chini kuliko lingine. Alikata kitambaa kwa mkasi mkubwa kama anafungua barua, hana haraka, hana mstari, na vipande vikikutana vinakutana. Watu walitoka Mbagala, walitoka Kibamba huko mwisho wa dunia, wakipita mafundi mia njiani, kuja kushonewa naye. Nguo yake ukiivaa kinyume watu wanakusifu, maana hata ndani kulikuwa safi kuliko nje za wengine.

Nami nilikuwa na kazi yangu rasmi. Kila asubuhi kabla ya shule nilimtungia uzi kwenye sindano za mkono, sindano baada ya sindano, nikazichomeka kwenye kijimto chake chekundu: nyeusi huku, nyeupe pale, damu ya mzee kati. Kisha namtungia ile ya cherehani. "Mikono yangu ina mafuta," alinambia. Nikaona sawa. Mwaka mzima mikono yake ilikuwa na mafuta kila asubuhi, nami sikujiuliza mafuta hayo yanatoka wapi kabla hajaigusa cherehani. Nilijiona mtoto mwenye bahati. Wenzangu walitumwa chumvi, mie nilipewa sindano.

Kazi ikiisha, nilijilaza juu ya furushi la vitambaa na kutazama dari. Hapo ndipo palipokuwa na sinema yangu. Mama Mkubwa akiwasha pangaboi, kwanza unaona mapanga matatu, mazito, yanakwenda mbele kama yalivyoumbwa. Yanaongeza mwendo. Mara hayapo tena, kuna ukungu tu wa mviringo. Halafu kwenye ukungu ule, polepole, kitu kinaanza kuota. Mapanga yanarudi, lakini si matatu. Ni sita, ni kumi, ni ua kubwa la kijivu lenye petali nyingi, zimepangwa sawasawa kama mtu kazipima kwa futi. Ua linasimama. Kabisa! Huku upepo unakupiga usoni na karatasi za vipimo zinaruka, ua limesimama darini limetulia tuli. Kisha linaanza kurudi nyuma, petali moja moja, kwa adabu, kama mtu anayetoka chumbani kwa mkwewe.

Mtu aliyeona jambo kama lile kwa macho yake mwenyewe, mtamkataza asiamini nini?

Siku moja akaja Mama Shamte. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtoto wa kaka yake, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita kivuko kutoka ng'ambo, na alileta jora zima la kitambaa cha damu ya mzee kwa ajili ya sare za kamati. Harusi ya watu wa Mbweni, nyumba mpya, geti la umeme. Kazi ya namna hiyo fundi akiitoa vizuri, wanawake wote walioiona ukumbini wanakuwa wateja wake. Akiiharibu, ukumbi mzima unaondoka na jina lake mdomoni.

Mama Mkubwa alishona gauni la kwanza kama mfano. Mama Shamte akaja, akalipeleka mlangoni kwenye jua, akalinyoosha mbele ya macho yake mkono mzima, akakunja uso.

"Fundi Tausi."

"Abee."

"Hili pindo ndilo lilivyokusudiwa, au lilikuwa linakwenda mahali likapotea?"

Mama Mkubwa alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. "Kitambaa kinateleza hicho, mwenzangu."

"Kinateleza na huku begani? Tazama, mshono unapanda unashuka kama barabara ya kwetu." Akashusha sauti, ambayo kwake ilikuwa sauti ya watu wa kawaida. "Macho vipi, fundi?"

"Macho yangu yana nini? Taa hii ndiyo imechoka."

"Haya. Nitapita Alhamisi nione mengine. Kama ndiyo haya, mwenzangu usinichukie, nitachukua kitambaa changu."

Alipoondoka, Mama Mkubwa alikaa kwenye kiti chake bila kukanyaga cherehani. Halafu akaniita kwa kidole, nikasogea.

"Babangu, umemwambia mtu yeyote kwamba wewe ndiye unayenitungia uzi?"

"Hapana, Mama Mkubwa."

"Usimwambie. Hata Sudi. Fundi akishasemwa macho, kwisha. Watu wanaweza kumsamehe fundi muongo, wanaweza kumsamehe fundi mwenye maneno. Asiyeona, hawamwachii hata tambara."

Nikaelewa yote kwa pamoja, na nikaelewa kitoto. Macho yake yamezeeka. Kilichozeeka kinaweza kurudishwa. Na dawa inaning'inia juu ya vichwa vyetu, inazunguka bure, inaipepea sakafu! Tatizo pekee ni kwamba Mama Mkubwa amekaa pembeni.

Adhuhuri alipotoka kwenda kuswali, nilifanya kazi ya wanaume sita. Cherehani ya chuma ya miguu si kitu cha mtoto kusukuma. Nilisukuma kwa mgongo, nikavuta kwa meno, nikaomba dua zote nilizofundishwa chuo cha Kurani na nyingine nikazitunga papo hapo. Aliporudi aliikuta katikati ya duka, chini ya pangaboi barabara, nami niko pembeni navuja jasho kama nimetoka kuoga.

"Nani kaigusa cherehani yangu?"

"Mie, Mama Mkubwa. Nimeona unapata joto pale."

Aliizunguka cherehani, akaigusa gurudumu. Halafu akakaa. "Una moyo mzuri," akasema, "ila siku nyingine utaniita nikusaidie, utapasuka mshipa."

Na sasa sikieni maajabu. Ikafanya kazi! Jioni ile ile mishono ilinyooka. Kesho yake ilinyooka zaidi. Aliacha kuinama mpaka pua iguse sindano. Akaanza hata kuimba kidogo, jambo ambalo hakulifanya tangu kiangazi. Kwamba pale katikati palikuwa pia karibu zaidi na ile tyubu, na mwanga wake ulimwangukia kwenye kitambaa moja kwa moja badala ya kwenye mgongo wake, hilo halikunipitia kichwani hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa natazama ua darini na kuhesabu miaka inavyomtoka. Kila asubuhi nilikagua mikunjo ya paji lake la uso. Kuna siku niliapa kwa Sudi kwamba mmoja umefutika.

"Angalia asizidishe," Sudi akaonya. "Akifika umri wako, nani atakulea?"

Hilo lilinitia hofu ya kweli. Mie mwenyewe nikahamia mlangoni kwenye kizingiti, mguu mmoja nje, nisije nikarudi tumboni. Wiki hiyo hiyo kaptula yangu ya shule ikaanza kunibana, nikashukuru Mungu: dalili kwamba nakaa mahali salama.

Jumatano mchana tyubu ikafa. Ilipepesa macho, ikanguruma, ikapepesa tena, na kwa dakika ile ya mwisho pangaboi liliruka vipande vipande darini, panga hapa, panga kule, kama picha zilizokatwa na mkasi. Kisha giza. Muuza vyombo akatuazima balbu, ile ya duara ya mwanga wa njano yenye kiwaya ndani, Mama Mkubwa akaitundika kwenye waya wake wa zamani karibu na mlango, akawasha pangaboi, akaendelea na kazi.

Mie nikatazama juu. Ukungu. Nikasubiri ua. Ukungu. Nikafumba macho, nikafumbua. Ukungu mtupu wa mviringo, unakwenda mbele kama unavyotaka.

Nilikimbia kwa Sudi nikihema. Alisikiliza kama daktari, akatikisa kichwa. "Hapo pabaya. Likiacha kurudi nyuma, umri wote liliourudisha unakuja kwa mkupuo. Kesho mtamwamsha ana miaka mia."

Alhamisi asubuhi niliamka kabla ya jogoo, nikaenda kumtazama Mama Mkubwa usoni. Alikuwa vile vile, labda amechoka zaidi. Lakini dukani, chini ya ile balbu ya njano, alirudi kuinama mpaka pua kwenye kitambaa, na mara mbili nilisikia akifumua alichokishona, uzi ukilia trr, trr, trr. Siku hiyo sikwenda shule. Nilidanganya tumbo linauma.

Mama Shamte akatokea saa za adhuhuri, kama mvua iliyotabiriwa. Akachukua magauni, akaenda nayo mlangoni, akayanyoosha moja moja mkono mzima. Mama Mkubwa alikuwa amekaa, mikono mapajani, anatazama ukutani. Sijawahi kumwona mtu aliyekaa wima namna ile.

"Haya mawili ya juzi ni mazuri sana," Mama Shamte akasema. "Hili la leo, fundi... nisikufiche. Naona bora nichukue kitambaa changu kilichobaki."

Hapo mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Usichukue! Shikamoo, Mama Shamte, tafadhali usichukue! Ni tyubu imekufa ndiyo maana pangaboi halirudi nyuma! Likirudi nyuma macho yake yanakuwa ya kijana, anaona kila kitu, hata uzi atatunga mwenyewe nisimtungie mie!"

Hata muuza vyombo aliacha kugonganisha sufuria. Nilimtazama Mama Mkubwa na nikajua nimeitoa siri yake sokoni, mchana kweupe. Alikuwa ameshika ukingo wa cherehani kwa mikono miwili.

Mama Shamte alinitazama mie, akamtazama yeye, akatazama pangaboi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alicheka mpaka akaegemea mlango, akacheka mpaka kilemba kikalegea, kisha akafungua mkoba wake mkubwa, akapekua chini ya leso na funguo na kanga iliyokunjwa, akatoa miwani.

"Shoga," akasema, "unaona ninavyoshika gauni mkono mzima kama nalifukuza? Mie mwenyewe sioni! Hii miwani naivaa chumbani tu, nimefunga mlango, wakwe wasinione bibi. Hebu ivae."

"Sivai."

"Ivae, Tausi! Hapa ni mie na mwanao, na huyo muuza sufuria atanyamaza, namjua mamake."

Mama Mkubwa aliichukua taratibu kama kitu kitakachomuuma. Akaivaa. Ilikuwa mikubwa, ya plastiki nyekundu, ikamkaa puani kama baiskeli. Akalivuta lile gauni, akalitazama pindo, akaligeuza, akalitazama tena.

"Yarabi," akasema polepole. "Mie ndiye niliyeshona hivi?"

"Wewe, na mie ndiye niliyesifu mengine," akasema Mama Shamte. "Tumekutana."

Mama Mkubwa akachomoa sindano kwenye kijimto, sindano isiyo na kitu, akakata uzi, akaulainisha mdomoni, akautunga. Mara moja. Uzi ukapita kama ulikuwa unamsubiri. Akaushika juu kwenye mwanga, autazame umening'inia, na uso wake ukawa uso ambao sina namna ya kuwaelezeeni, nimejaribu mara nyingi. Kisha akafumua pindo lote, mbele ya mteja, bila haya, akalishona upya huku Mama Shamte amekaa juu ya furushi langu anasimulia habari za wakwe zake. Kitambaa hakikuondoka dukani.

Wiki iliyofuata Mama Mkubwa alikwenda kupimwa, akarudi na miwani yake mwenyewe, myembamba, ya heshima, akaivaa mbele ya kila mteja kana kwamba amezaliwa nayo. Nilipokuja kukaa darasa la jioni, mwanaume mzima mwenye ndevu na watoto, nikibanwa kwenye dawati la kitoto na madereva na walinzi wenzangu, mwalimu wa fizikia alipotufundisha mwanga nilinyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Darasa likageuka kunitazama. Walidhani nimesoma kitabu. Nilikuwa nimesomeshwa na mwanamke aliyeishia darasa la saba, na somo lenyewe, ambalo hata simu ya binti yangu inalifuata, lilikuwa hivi.

Nilimuuliza siku ile ile aliyorudi na miwani. Nilikuwa na wasiwasi bado, maana gharama yote ya nini? "Mama Mkubwa, si bora ungekwenda tu kukaa kwa Mzee Salum? Lake bado linarudi nyuma."

Hakunicheka. Akachukua rula yake ya bati inayong'aa, akanishika mkono, tukaingia kwa kinyozi. Mzee Salum alikuwa ameinama juu ya kibakuli anajipaka kichwani kitu cheusi kwa brashi ya viatu. Piko. Ile ile wanayojichora mabibi harusi.

"Hodi haipigwi siku hizi?" akafoka.

"Shikamoo, Mzee Salum, endelea na ujana wako," Mama Mkubwa akasema. "Tunaazima taa tu." Akasimama chini ya tyubu, akaipunga rula haraka, huku na huku. "Unaona rula ngapi?"

Nilitoa macho. "Nyingi! Zimepangwa kama vidole!"

Akanivuta mpaka mlangoni, kwenye jua, akaipunga tena. "Na hapa?"

"Ukungu tu."

"Rula ni hii hii moja, na mkono ni huu huu. Nilipojifunza kazi kiwandani, kila cherehani ilikuwa na balbu yake ndogo kando, maana chini ya tyubu peke yake unaweza kuona sindano imesimama kumbe inakimbia, ukapeleka kidole." Akachuchumaa, macho yetu yakawa sawa, nikajiona mdogo mara mbili kwenye vioo vyake vipya. "Taa ile haiwaki mfululizo kama balbu au jua, babangu. Inawaka inazimika, inawaka inazimika, upesi mno huwezi kujua. Kila ikiwaka unaiona rula mahali pamoja, ikizimika, huioni. Macho yako yanapokea vipande, yanavishona yenyewe yapate kitu kimoja. Mara nyingi yanashona sawa, ni mafundi wazuri sana hayo. Kwenye pangaboi yanaunga panga hili na lile linalofuata, ndiyo unaona ua, ndiyo unaona linarudi."

"Kwa hiyo halirudi?"

"Halijarudi nyuma hata siku moja. Na mie sijapungua umri, nimezeeka macho kama watu wote, ndiyo maana nimevaa miwani."